Amazon au Google? Ulinganisho kwa injinia wa programu anayetaka kujaribu kampuni kubwa

Wakuu, hili swali naulizwa sana na vijana wa programu, wengine wako Dar, wengine Nairobi, wengine wameshatoka wako Ulaya kwenye kampuni ndogo: nijiandae na Amazon au Google? Na wengi wakiuliza wanataka kusikia ipi inalipa zaidi au ipi ina jina. Mimi naona hapo ndipo watu wanapopotea, maana hizi kampuni mbili zinapima watu kwa vipimo tofauti kabisa, na maisha ukishaingia ni tofauti pia, kwa hiyo angalia kwanza wewe mwenyewe una nini mkononi halafu ndio uchague mlango wa kugonga.

Jibu langu nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama una miaka 3 au zaidi ya kazi ya kweli, yaani umeshika mfumo ambao watu wanautumia na ukianguka simu yako inaita, anza na Amazon. Kama ndio umemaliza chuo na kichwa chako kiko moto kwenye algorithimu, anza na Google. Na kama kuhama nchi hakuwezekani kwako kwa sasa, Microsoft ya Nairobi usiipite, nitaigusa huko chini.

Intavyu ya Amazon

Ukituma maombi CV ikapita, kwa nafasi za chini na za kati mara nyingi unaletewa kwanza jaribio la mtandaoni, maswali mawili ya kodingi unayafanya peke yako saa inakimbia, pamoja na maswali ya kuchagua kuhusu ungefanyaje ukiwa kazini. Ukivuka hapo unaingia kwenye siku yenyewe, wao wanaiita loop, watu 4 au 5 mmoja baada ya mwingine, kila mmoja karibu saa nzima.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kila anayekuhoji amegawiwa kanuni zake 2 au 3 kati ya zile Leadership Principles, yaani kanuni za kazi za Amazon, ziko 16 (zilikuwa 14 mpaka 2021 walipoongeza mbili), na sehemu kubwa ya muda wake anaitumia kukuchimba kwa maswali ya "nieleze wakati ambapo ulipishana na bosi wako", "nieleze wakati ambapo ulikuwa huna taarifa za kutosha na ikabidi uamue". Mtu anadhani hayo ni maongezi ya kufahamiana kabla ya kodingi, anajibu juu juu, anatoka amefurahi kwamba kodingi imeenda safi, wiki inayofuata anapokea email ya samahani na hajui alipofelia ni wapi. Alifelia hapo hapo kwenye maongezi.

Chukua mfano wa kijana aliyefanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu. Anasema: kulikuwa na tatizo wateja wanakatwa pesa mara mbili, tukalitatua. Anayehoji hamwachii hapo. Ulijuaje, wateja walilalamika au mfumo wenyewe ulionyesha? Wateja wangapi, na pesa kiasi gani? Wewe binafsi ulishika sehemu gani? Mwenye kazi yake hapo ndio anang'aa, ataeleza kwamba mtandao wa simu ulikuwa unatuma taarifa ya kuthibitisha malipo, seva yao ikichelewa kujibu taarifa inatumwa tena, na wao wakawa wanaihesabu kama muamala mpya, kwa hiyo akaweka sharti kwenye database kwamba namba moja ya muamala haiwezi kuingia mara mbili, akaandika programu ndogo ya kupitia miamala ya nyuma kujua nani anadai, halafu akaenda kukaa na watu wa fedha wakubaliane pesa zinarudishwaje. Bado ataulizwa: kwa nini sharti hilo halikuwepo toka mwanzo, na leo ungelifanyaje tofauti? Stori moja kama hiyo inaweza kula dakika 25 na inagusa kumjali mteja, kumiliki kazi yako na kuchimba mpaka chini, kanuni 3 kwa mpigo.

Ndio maana nasema mtu aliyekomaa kwenye kampuni zetu za malipo, benki, hata mifumo ya hospitali, ana mtaji mkubwa sana kwa Amazon kuliko anavyojua. Umeshughulika na mtandao unaokatika, umeme unaokatika, mfumo wa mtu mwingine unaojibu unapojisikia, wateja wenye simu za bei ndogo. Hizo stori zina nyama. Tatizo letu ni malezi, tumefundishwa kutojisifu, mtu anampa timu sifa zote hata kazi aliyoikesha peke yake. Kwenye loop hiyo tabia inakuangusha vibaya, kwa sababu yule anayekuhoji anaandika kila unachosema, na akienda kwenye kikao cha kuamua hana ushahidi wowote wa wewe ulifanya nini. Taja mchango wa wenzako kwa haki, halafu sema bila woga wewe ulifanya hiki na hiki.

Kati ya hao wanaokuhoji mmoja ni Bar Raiser, ametoka nje ya timu inayoajiri, hana haraka ya kujaza nafasi, kazi yake ni kuhakikisha kiwango hakishuki na ana nguvu ya kuzuia usiajiriwe hata kama meneja anakutaka. Hujui ni nani, kwa hiyo kila mmoja mchukulie kama ndiye.

Andaa stori 8 mpaka 10, kila moja uijue mpaka namba zake, na kila moja iwe na uwezo wa kujibu kanuni zaidi ya moja. Usizikariri kama shairi, wanajua mtu anayesoma kichwani.

Intavyu ya Google

Huku mambo yanageuka. Vipindi ni vya dakika 45, na kwa injinia wa chini na wa kati vingi ni algorithimu na miundo data tupu, kimoja ndio kinahusu tabia na uongozi, wanakiita Googleyness. Ukiwa unaomba nafasi ya mwandamizi unaongezewa usanifu wa mifumo. Yale maswali ya zamani ya mipira mingapi ya gofu inaenea kwenye ndege waliyaacha, Laszlo Bock aliyekuwa anaongoza mambo ya watu pale alisema wazi mwaka 2013 kwamba yalikuwa ni kupoteza muda. Na walipopiga hesabu zao za ndani waliona intavyu 4 zinatosha kumjua mtu, ukiongeza ya 5 na ya 6 hupati kitu kipya cha maana.

Swali la aina yao, nimelivalisha nguo za kwetu, liko hivi: una orodha ya safari za daladala, kila safari ina saa ya kuondoka stendi na saa ya kurudi, niambie yanahitajika angalau magari mangapi kuzifanya zote. Anayekimbilia kuandika atalinganisha kila safari na kila safari, inafanya kazi, lakini mpe safari milioni moja kompyuta inakwama. Aliyetulia anauliza kwanza, gari likirudi saa 4 kamili linaweza kuondoka saa 4 hiyo hiyo? Kuna safari zinazovuka usiku wa manane? Halafu anagundua kwamba hana haja ya kujua gari lipi limefanya safari ipi, anachotaka ni muda gani magari yapo mengi barabarani kwa pamoja. Kwa hiyo anapanga saa za kuondoka peke yake na saa za kurudi peke yake, anazipita kwa mfuatano wa muda, ikija ya kuondoka anaongeza moja, ikija ya kurudi anapunguza moja, namba kubwa kuliko zote aliyowahi kuifikia ndio jibu. Akimaliza tu anaongezewa: sasa safari haziji zote kwa pamoja, zinaingia moja moja siku nzima, utafanyaje? Na hapo imebaki kama robo saa.

Unaandikia kwenye ukurasa wa mtandaoni mnaouona wote wawili, usitegemee programu ikumalizie majina au ikuonyeshe kosa kwa wino mwekundu. Ukizoea kusaidiwa na kompyuta kila mstari utashangaa ulivyo mtupu. Wengi wetu tumelelewa na PHP na JavaScript, hamna shida, lakini kwa maswali haya nashauri uchukue Python hata kama kazini huitumii, unaandika kidogo na unabaki na muda wa kufikiri. Java nayo poa kama ndio mkono wako.

Halafu kuna kuongea. Google wanataka wasikie unavyofikiri, ukikaa kimya dakika 10 halafu ukatoa jibu sahihi unaweza kupata alama ndogo kuliko aliyeongea njia nzima akafika karibu na jibu. Na unaongea Kiingereza, ambacho kwa wengi waliosoma shule za msingi za kwetu ni lugha ya kuandikia mtihani tu, kukiongea huku unawaza ni kazi nyingine kabisa. Nimeona watu wenye vichwa vya hatari wanakwama hapa. Dawa yake ni mazoezi ya sauti, kaa na mwenzako kwenye simu, mmoja anauliza mwingine anatatua huku anaongea, lafudhi yako iache kama ilivyo, hawaipimi. Ukisoma maswali 300 kimya kimya chumbani bado hujajiandaa na Google.

Kuhusu hizi akili bandia, usijaribu. Amazon wamesema mtu akitumia bila ruhusa wakati wa intavyu anaweza kuondolewa, na mwaka 2025 bosi wa Google, Sundar Pichai mwenyewe, alisema wanarudisha angalau raundi moja ya ana kwa ana kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kuna uwezekano wa kuitwa ofisini kwao, hakikisha pasi yako ya kusafiria haijaisha.

Nani anaamua na unasubiri muda gani

Amazon unaomba kazi ya timu fulani au kundi fulani, waliokuhoji wanakutana, wanabishana na maandishi yao mezani, wanaamua. Mara nyingi ndani ya wiki moja hivi unajua. Google waliokuhoji hawaamui, wanaandika ripoti inakwenda kwa kamati ya ajira ambayo haijawahi kukuona uso, kamati inasoma karatasi. Mimi naupenda huo utaratibu kwa haki yake, mtu mmoja aliyeamka vibaya hakuangushi kirahisi. Lakini kuna kutafutiwa timu pia, mara nyingine kabla ya kamati mara nyingine baada, na hapo watu wanakaa wiki nyingi, hata miezi, wameshafaulu kila kitu lakini hakuna meneja aliyewachukua. Kama uko kwenye mkataba unaoisha mwezi ujao au kibali chako cha kuishi kinaelekea ukingoni, usiweke matumaini yote Google, utaumia.

Leveli zao zisikuchanganye. Anayeanza Amazon ni L4, Google ni L3. Mwandamizi Amazon ni L6, Google ni L5. Mtu mwenye L5 ya Amazon ni wa kati, sio sawa na L5 ya Google, na rikruta (mtu wa kampuni anayetafuta waajiriwa) akikwambia "tunakupa L4" jiulize kwanza kichwani ni L4 ya kampuni gani kabla hujakasirika au kufurahi.

Pesa

Hapa watu wanaangalia ile namba kubwa ya jumla tu, wanasahau inaingia lini. Kampuni zote mbili zinakupa mshahara pamoja na hisa, na hisa hazipewi siku moja, zinaiva kidogo kidogo kwa miaka 4. Amazon utaratibu wao unaojulikana ni asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 mwaka wa pili, halafu 40 na 40. Tuseme kwa kupigia hesabu tu umepewa hisa za dola 100,000. Mwisho wa mwaka wa kwanza zimeiva za dola 5,000. Mwisho wa mwaka wa pili umeongezewa 15,000. Mwaka wa tatu na wa nne ndio mzigo unaingia, 20,000 kila miezi sita. Ukiondoka au ukiondolewa baada ya miaka miwili na nusu umebeba 40,000 tu, wakati kwenye kampuni inayogawa sawa kwa sawa ungekuwa umeshapita 60,000. Pengo la miaka miwili ya mwanzo Amazon wanaliziba kwa bonasi ya kuingia, ya pesa taslimu, mwaka wa kwanza na wa pili, kwa hiyo usidhani utalala njaa, ila hakikisha hizo bonasi mbili zimeandikwa kwenye barua ya ofa na soma vizuri ukiacha kazi mapema unarudisha kiasi gani.

Google miaka ya karibuni wanafanya kinyume, hisa za mwanzo zinaelemea miaka ya kwanza, nyingi zinaiva mapema halafu mwishoni zinapungua. Kwa mtu ambaye ana wadogo wa kusomesha, ana mzazi anayetibiwa, ana kiwanja anataka kujenga, hii tofauti ni kubwa mno, kwa sababu wewe unaishi kwa pesa ya mwaka huu. Na kumbuka hisa zikiiva zinakatwa kodi kama mshahara, usije ukaahidi nyumbani namba ambayo haitafika. Bei ya hisa nayo inapanda na kushuka, usijenge mpango wa ada za shule juu yake.

Mshahara wenyewe wa Amazon zamani ulikuwa na dari, Marekani haukuzidi dola 160,000 mpaka Februari 2022 walipopandisha dari kufika 350,000, kwa hiyo ukisikia stori za zamani kwamba Amazon mshahara mdogo hisa nyingi, hiyo imebadilika kiasi.

Kazi yenyewe ukishaingia

Amazon msemo wao ni wa Werner Vogels, mkuu wao wa teknolojia, tangu 2006, ukikijenga wewe ndiye unakiendesha. Maana yake timu iliyoandika programu ndiyo inakaa zamu. Kwa kawaida wiki ya zamu yako unabeba laptopu kila unapokwenda, sokoni, msikitini, kanisani, kwenye harusi, na tiketi (taarifa ya tatizo) ya uzito wa Sev-2, yaani tatizo zito, ikiingia simu inapiga hata kama ni saa 9 usiku, unatakiwa uwe kwenye kompyuta ndani ya dakika chache. Kuna timu simu inalia mara moja kwa mwezi, kuna timu inalia kila usiku, na zote ni Amazon na mshahara ni ule ule. Tatizo kubwa likitokea unaandika hati ya COE, nini kilitokea, wateja waliumia vipi, kwa nini, na kwa nini tena mpaka kufika kwenye mzizi. Mtu anajifunza sana hapo, sikatai, ukikaa miaka miwili kwenye timu ya AWS, kitengo cha Amazon kinachokodisha seva na huduma za kompyuta mtandaoni, unatoka unajua mifumo mikubwa inavyovunjika kuliko kitabu chochote kitakavyokwambia.

Kitu kingine ni maandishi. Mikutano mikubwa hakuna slaidi, mwanzilishi wao Jeff Bezos alizipiga marufuku 2004, kuna hati ya kurasa 6 na watu wote wanakaa kimya wanaisoma mwanzoni mwa kikao halafu ndio maswali yanaanza. Kwa mtu mpole asiyependa kupigiana kelele kwenye mikutano huu utaratibu ni zawadi, hoja yako inasomwa hata kama sauti yako ni ndogo. Lakini Kiingereza chako cha kuandika lazima kinyooke.

Google nguvu iko kwenye vifaa vya kazi. Karibu msimbo wote wa kampuni umekaa sehemu moja kubwa, walishaandika kwamba kufikia Januari 2015 ulikuwa mistari kama bilioni 2, na injinia anaweza kusoma karibu wote, ukitaka kujua timu nyingine wametatuaje tatizo lako unafungua tu unasoma. Kila badiliko linapitiwa na mwenzako kabla halijaingia, na kwa lugha nyingi za programu lazima apitie mtu mwenye cheti cha ndani cha kuandika vizuri lugha hiyo. Mwanzoni inachosha, unarudishiwa mstari kwa sababu ya jina la kigezo, baada ya mwaka mkono wako umebadilika kabisa. Shida yake ni kwamba vifaa vyao vingi viko kwao tu, ukitoka huko unajifunza upya vya mtaani, tofauti na mtu wa AWS ambaye huduma alizozijenga ndizo hizo kampuni za Dar na Kampala zinanunua.

Zamu zipo Google pia, ila mifumo mikubwa mingi inashikwa na watu wa SRE (mainjinia wa kuhakikisha mifumo haianguki), kitengo alichokianzisha Ben Treynor Sloss mwaka 2003, kwa kanuni kwamba kazi ya uendeshaji isizidi nusu ya muda wao, na anayekaa zamu nje ya saa za kazi analipwa fidia. Usingizi wako uko salama zaidi huku kwa wastani, hilo sina wasiwasi kulisema. Upande wa pili, mambo yanakwenda taratibu zaidi, idhini nyingi, na mradi unaweza kufutwa ukiwa umeufanyia kazi mwaka mzima.

Ofisini sasa. Amazon tangu Januari 2025 ni siku 5 kwa wiki. Google kwa wengi ni 3. Mwenye mtoto mdogo kwenye mji usio na shangazi wala bibi wa kumwachia, hizo siku 2 ni kitu kikubwa sana.

Kupunguzwa kazi

Hapa hakuna aliye msafi. Google Januari 2023 walipunguza watu kama 12,000, wengine walijua pale akaunti ilipokataa kufunguka asubuhi. Amazon kati ya mwisho wa 2022 na 2023 walipunguza kama 27,000, halafu Oktoba 2025 wakatangaza wengine 14,000 wa ofisini. Mbali na hayo Amazon wana utaratibu wao wa kumbana anayeonekana hafikii kiwango, unaanza na Focus, ukizidi unaingia Pivot ambapo unaambiwa uchague, uchukue malipo uondoke au ubaki kwenye mpango wa kujirekebisha. Nimeshaona watu wazuri wakipitia presha hiyo na haina uhusiano na akili zao, meneja akibadilika kila kitu kinabadilika. Google nako kuna madaraja ya utendaji na watu wanaondoka, ila presha ya kila siku ni ndogo.

Kwa sisi wa nje hili ni zito kuliko kwa wenyeji. Ukiwa Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B ukapoteza kazi una kama siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi, la sivyo unafungasha, na umeshapanga nyumba na watoto wako shule. Ndio maana weka akiba ya miezi 6 kabla hujanunua gari, nawaomba sana.

Wapi utakaa

Marekani mlango umekuwa mgumu, tangu Septemba 2025 kuna ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B kwa watu walio nje, juu ya ile bahati nasibu ya viza 85,000 kwa mwaka. Kwa anayetokea Afrika Mashariki leo mimi namwambia aangalie Ulaya na Kanada kwanza. Amazon wana mainjinia wengi Dublin, London, Berlin, Luxembourg, Vancouver na Toronto. Google wako Zürich, London, Munich, Warsaw, Dublin, Waterloo. Ireland naipenda kwa wenye familia, ukipata kibali cha ujuzi adimu mwenza wako anaruhusiwa kufanya kazi, hakai ndani anaangalia ukuta.

Na Afrika pia ipo, watu wanaisahau. Ile huduma ya EC2, ya kukodisha seva, ambayo ndio uti wa mgongo wa AWS ilijengwa na timu ya Cape Town iliyoongozwa na Chris Pinkham, ikatoka 2006, na mpaka leo Amazon wana mainjinia pale. Google walitangaza kituo chao cha kwanza cha kutengeneza bidhaa Afrika mwezi Aprili 2022, Nairobi. Nafasi sio nyingi, lakini zikitoka wewe huhitaji viza ya mbali, na Mtanzania au Mganda anashindana bila kuvuka bahari.

Microsoft ndio hapa wanaingia. Africa Development Centre walianzisha 2019, na Nairobi wana timu za kweli zinazoandika bidhaa zinazotumika dunia nzima. Intavyu yao iko katikati, kodingi ipo lakini kwa kawaida haikazi kama ya Google, maswali ya tabia yapo lakini hayachimbi kama ya Amazon, na wanaokuhoji mara nyingi ni timu ile ile utakayofanya nayo kazi. Hisa za kuingia zinaiva robo kila mwaka, hamna mahesabu magumu. Ule mfumo wa kupanga watu kwa foleni kutoka wa kwanza hadi wa mwisho waliufuta 2013. Mtu mwenye mzazi mgonjwa, mwenye ndoa changa, mwenye shamba analolisimamia wikiendi, mimi namwambia wazi aende huko kwanza.

Ukishikwa katikati

Wapo watakaosema si nijiandae na zote kwa pamoja. Inawezekana, kodingi ya Google ikikaa vizuri ya Amazon haitakusumbua, kinyume chake sio kweli. Kwa hiyo mwenye muda wa miezi 4 au 5 aanze na algorithimu kila siku, wikiendi aandike stori zake moja moja, halafu apange Amazon itangulie, kwa sababu wanajibu haraka na ofa mkononi inamfanya rikruta wa Google aharakishe kukutafutia timu. Mwenye mwezi mmoja tu na ana kazi ya kutwa, achague Amazon, stori tayari anazo kichwani kazi yake ni kuzipanga. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye hana stori za kazi zaidi ya field, aikazie Google.

Ukipata ofa zote mbili, usisaini kabla hujaongea na meneja wa timu. Wa Amazon muulize wiki iliyopita aliyekuwa zamu aliamshwa usiku mara ngapi, watu wangapi wanapokezana hiyo zamu, na wangapi wameondoka kwenye timu ndani ya mwaka. Meneja mwenye timu nzuri anajibu kwa namba bila kuzunguka. Watu 8 wanaopokezana ni sawa, watu 3 kimbia hata kama pesa inang'aa. Wa Google muulize bidhaa ina umri gani, nani anaitumia, na kama timu imepangwa upya hivi karibuni. Halafu omba uongee na injinia mmoja wa hiyo timu bila meneja kuwepo, ni ombi la kawaida kabisa na hakuna anayekasirika.